Jim Dale: Mchekeshaji wa Kiingereza Aliyegeuka Sauti ya Vitabu vya Marekani

Mmarekani aliyekuwa mtoto mwanzoni mwa miaka ya 2000 akiulizwa ni nani aliyesoma vitabu vya sauti vya Harry Potter, atamtaja Jim Dale bila kusita. Mwingereza wa rika lake atamtaja Stephen Fry, naye hatasita, na wote wawili watakuwa wamesema kweli. Vitabu ni vilevile saba na mwandishi ni yuleyule, J. K. Rowling, lakini vilisomwa mara mbili, na Waingereza wawili, kwa ajili ya masoko mawili, kiasi kwamba mashabiki wa pande mbili za Atlantiki wanaweza kubishana kutwa nzima juu ya sauti ya mhusika mmoja bila kutambua kwamba kila upande unazungumzia rekodi yake. Makala haya yanafafanua jinsi hali hiyo ilivyotokea, na hasa jinsi mwigizaji aliyekuwa amekaa jukwaani zaidi ya miaka 40 alivyoishia ndani ya chumba kidogo kisichopitisha sauti, akifanya kazi ambayo watu wengi huidhania kuwa ni kusoma tu.

Jim Dale alizaliwa tarehe 15 Agosti 1935, kwa jina la James Smith, huko Rothwell, mji mdogo wa Northamptonshire, eneo la Uingereza lililojulikana kwa viwanda vya viatu. Alijifunza dansi tangu utotoni, na alipofikia umri wa miaka 17 alikuwa tayari anazunguka na maonyesho kama mchekeshaji wa kulipwa. Zama za kumbi za burudani za Kiingereza zilikuwa zinaelekea ukingoni wakati huo, zile kumbi ambamo jioni moja ilijaa waimbaji, wanasarakasi, wanamazingaombwe na wachekeshaji, kila mmoja akipewa dakika zake chache kisha kumpisha mwingine. Msanii wa kumbi hizo hakuwa na mandhari ya kumsaidia wala hadithi ndefu ya kumbeba. Alichokuwa nacho ni mwili, uso na sauti yake, na ikiwa katika dakika ya kwanza mtazamaji hajamjua ni mtu wa namna gani, dakika ya pili ilikuwa imeshapotea. Kwa maoni yangu, mafunzo hayo yanaeleza yaliyotokea studioni nusu karne baadaye kuliko tuzo zozote alizopata katikati.

Baada ya kutumikia Jeshi la Anga kama ilivyowalazimu vijana wa wakati ule, Dale aligeukia uimbaji. Mwaka 1957 wimbo wake Be My Girl ulipanda hadi nafasi ya pili katika chati za Uingereza, mtayarishaji wake akiwa George Martin, ambaye ndiye aliyekuja kusimamia rekodi za The Beatles. Umaarufu wa aina hiyo haukumshika kwa muda mrefu. Kuanzia mwaka 1963 aliingia katika filamu za vichekesho za mfululizo wa Carry On, zilizotengenezwa haraka, kwa bajeti ndogo na kwa utani wa mafumbo mazito, na kufikia mwaka 1969 alikuwa ameshacheza filamu 10 za mfululizo huo, akaongeza moja ya mwisho mwaka 1992. Waingereza wa umri fulani bado wanamjua kwa sura hiyo tu: kijana mrefu, mwembamba, mwenye aibu, anayeanguka ngazi.

Kati ya filamu hizo aliandika pia maneno ya wimbo wa Georgy Girl, ulioimbwa na kundi la The Seekers kwa muziki wa Tom Springfield, nao ukateuliwa kuwania Tuzo ya Oscar ya wimbo bora wa filamu za mwaka 1966. Tuzo ilichukuliwa na wimbo wa Born Free, ile filamu ya simba jike Elsa iliyopigwa Kenya. Msomaji wa Nairobi au Meru anaweza basi kusema, kwa utani, kwamba aliyemnyima Dale sanamu ile ya dhahabu ni mwananchi mwenzake wa miguu minne.

Kilichombadilisha hasa ni tamthilia. Karibu na mwaka 1970 alijiunga na kundi la National Theatre lililokuwa likiongozwa na Laurence Olivier, na pamoja na mwongozaji Frank Dunlop wa jumba la tamthilia la Young Vic wakaitengeneza upya komedia ya Molière ya karne ya 17 kwa jina la Scapino. Tamthilia hiyo ilimpeleka New York mwaka 1974, na Wamarekani, ambao hawakuwa na picha ya Carry On vichwani mwao, walimpokea kama mwigizaji mzito aliyejaliwa kuchekesha. Mwaka 1980 alipewa nafasi ya P. T. Barnum, mfanyabiashara wa sarakasi, katika tamthilia ya muziki ya Barnum iliyofunguliwa Broadway, na nafasi hiyo ikampatia Tuzo ya Tony. Kila jioni aliimba, aliruka na kutembea juu ya kamba, na katikati ya hayo kulikuwa na wimbo mmoja wa kuorodhesha maajabu ya jumba la makumbusho la Barnum kwa kasi inayokaribia kumnyima mwimbaji nafasi ya kuvuta pumzi. Anayetaka kuelewa kwa nini mtu huyu aliweza kusoma kitabu cha saa zaidi ya 26 na autafute wimbo huo: kila silabi inasikika, kila kitu kilichotajwa kina rangi yake, na pumzi inaibwa mahali ambapo msikilizaji hawezi kuiona ikiibwa.

Hadi hapo hakuna dalili ya vitabu. Na kusema kweli, kwa mwigizaji wa kizazi chake kusoma kitabu kwa ajili ya kurekodiwa hakukuwa na hadhi kubwa. Asili ya kazi yenyewe ni ya huduma: nchini Uingereza maktaba ya vitabu vya kusikiliza ilianzishwa mwaka 1935 kwa ajili ya wasioona, wakiwemo wanajeshi waliopofuka katika Vita Kuu ya Kwanza, na vitabu vya mwanzo vilikuja kwenye santuri zilizozunguka polepole ili kila upande uchukue takriban dakika 25. Riwaya moja ilihitaji rundo la santuri. Wasikilizaji wale wa kwanza hawakukubaliana juu ya swali ambalo halijaisha hadi leo, nalo ni kama msomaji aigize au asome tu. Wapo waliotaka sauti ya utulivu isiyowaingilia, wakisema kwamba mtu anayeona hujitengenezea wahusika mwenyewe akisoma, nao wanadai haki hiyohiyo. Na wapo waliochoshwa na sauti bapa, wakataka kusikia mtu aliye hai. Biashara ya vitabu vya kusikiliza kwa watu wote ilikuja baadaye, hasa baada ya kampuni ya Caedmon kuanzishwa New York mwaka 1952 na kuanza kwa rekodi ya Dylan Thomas akisoma kazi zake mwenyewe. Mfululizo wa kanda ukaja, kisha diski, kisha Audible, iliyoanzishwa mwaka 1995 na kununuliwa na Amazon mwaka 2008.

Sasa tulifikie fundo lenyewe. Mwandishi anapouza kitabu chake hauzi kitu kimoja. Anauza haki ya kukichapa katika nchi fulani, haki ya kukitafsiri, haki ya filamu, haki ya kukisoma kwa sauti na kukiuza katika soko fulani, na kila mojawapo inaweza kuchukuliwa na mnunuzi tofauti, kwa mkataba tofauti, kwa muda tofauti. Nchini Uingereza Harry Potter ilichapishwa na Bloomsbury kuanzia mwaka 1997. Nchini Marekani haki za uchapishaji zilinunuliwa na Scholastic kwa dola 105,000, na kitabu cha kwanza kikatoka mwaka 1998 kikiwa na jina lililobadilishwa na maneno kadhaa ya Kiingereza cha Uingereza yaliyobadilishwa ili mtoto wa Marekani asikwame. Haki za sauti zilikwenda njia yake. Huko Uingereza zilichukuliwa na Cover to Cover, kampuni ndogo iliyojulikana kwa kusoma vitabu vizima bila kuvifupisha, nayo ikamchagua Stephen Fry. Huko Marekani zilichukuliwa na Listening Library, kampuni ya kifamilia iliyoanzishwa mwaka 1955 na ambayo mwaka 1999 ilinunuliwa na Random House, nayo ikamchagua Jim Dale, aliyekuwa anaishi New York kwa miaka mingi.

Hapa pana jambo la ajabu ambalo halisemwi vya kutosha. Wachapishaji wa Marekani waliona kwamba mtoto wao hawezi kuvumilia neno la Kiingereza cha Uingereza lenye maana ya sweta, yaani jumper, wakalibadilisha. Lakini ilipofika zamu ya sauti, hawakumtafuta Mmarekani. Dale anasoma maandishi ya Kimarekani kwa lafudhi za Kiingereza, Kiskoti na Kiayalandi. Soko lilikataa msamiati wa kigeni na wakati huohuo likaununua ugeni wa sauti kwa bei nzuri, na nadhani uamuzi huo wa pili ulikuwa sahihi, kwa sababu shule ya bweni ya vitabu hivyo, pamoja na walimu wake na matabaka yake, haiwezi kusikika ikiwa kila mtu anazungumza kama mkazi wa Ohio. Lafudhi katika Kiingereza cha Uingereza humweleza msikilizaji mhusika ametoka wapi na baba yake alifanya kazi gani kabla hajamaliza sentensi.

Dale alianza kurekodi mwaka 1999, mwaka aliotimiza miaka 64, wakati vitabu vitatu tu kati ya saba vilikuwa vimechapishwa. Ugumu unaotokana na hali hiyo hauonekani kwa haraka. Mwigizaji wa jukwaani anayepewa nafasi hupewa tamthilia nzima. Anajua mhusika wake anaishia wapi, na anaweza kuificha siri ya tendo la tano ndani ya sauti ya tendo la kwanza. Msomaji wa mfululizo ambao haujaisha kuandikwa anampa mhusika sauti leo bila kujua kama huyo ni mwema au mbaya, kama atakufa au atarudi, kama yule mpita njia wa ukurasa wa 40 atageuka kuwa mtu muhimu miaka minane baadaye. Sauti ikishatoka sokoni hairudishwi. Ukimpa mtu wa mistari miwili sauti ya kuchekesha kwa ajili ya utani wa dakika moja, halafu katika kitabu cha sita akalazimika kusimama kaburini, utalipa gharama ya utani huo.

Ili kuepuka kusahau, Dale alitumia mbinu ambayo amewahi kuieleza katika mahojiano: kila alipobuni sauti ya mhusika mpya aliirekodi kwenye kinasa sauti kidogo, ili mhusika huyo akirejea baada ya kurasa mia tatu aweze kuisikiliza kabla ya kuendelea. Sauti zenyewe aliziokota katika maisha ya majukwaani, kwa watu aliowajua na wasanii aliowahi kufanya nao kazi. Hii ndiyo sehemu iliyompa sifa. Katika kitabu cha tano, kilichotoka mwaka 2003, Guinness, kitabu cha rekodi za dunia, kilimwandika kwa kutengeneza sauti 134 za wahusika katika kitabu kimoja cha sauti, na katika kitabu cha saba, mwaka 2007, akafikia 146. Kitabu cha nne kilimpatia Tuzo ya Grammy, ya rekodi za sauti, mwaka 2001, cha saba kikampatia nyingine mwaka 2008, na mwaka 2003 alipewa nishani ya MBE ya Uingereza kwa mchango wake wa kueneza fasihi ya watoto ya Kiingereza huko Marekani.

Nakiri idadi ya 134 inavutia, na ndiyo inayotajwa katika kila habari juu yake. Lakini inapotosha. Wengi wa wahusika hao wanasema sentensi chache tu, na mchekeshaji yeyote mzuri wa kuigiza sauti za watu anaweza kutengeneza sauti nyingi kwa sentensi chache. Kitabu cha tano kina takriban maneno 257,000, na sehemu kubwa ya maneno hayo haisemwi na mhusika yeyote. Inasemwa na kitabu chenyewe, yaani maelezo ya korido, ya hali ya hewa, ya hofu, ya chakula cha jioni. Sauti ya 135, ambayo Guinness haiihesabu, ndiyo inayobeba kitabu. Msikilizaji anayekaa na msomaji kwa saa 26 hatachoshwa na mbilikimo mwenye sauti nyembamba. Atachoshwa na msimulizi ambaye hajui afanye nini baina ya maneno ya watu.

Tusikilize kwa karibu mahali ambapo vijana watatu wanabishana, kwa kuwa mabishano ya namna hiyo yamejaa katika vitabu hivyo. Hermione anaanza, sauti ya juu yenye pumzi nyingi, mara linakuja lile tamko fupi la mwandishi la kusema ni nani aliyezungumza, nalo ni la msimulizi, tulivu, la chini, kisha Ron anajibu akiwa amekasirika, tamko tena, kisha Harry. Katika muda wa sekunde sita koo limehama mara nne, na kila mara lazima litue pale pale lilipokuwa. Msomaji asiyezoea huiacha hasira ya Ron imwagikie kwenye tamko la msimulizi, na msikilizaji anahisi kitu kimeharibika bila kujua ni nini. Kwa Dale matamko hayo ni safi kama mstari uliopigwa kwa rula. Dosari yake iko upande wa pili: Hermione wake huvuta jina la Harry mpaka linakaribia kuwa kilio, na mashabiki wengi wamemlalamikia kwa hilo, kwa haki naona, kwani ni sauti ya jukwaani iliyotengenezwa ifike safu ya mwisho, ilhali masikioni mwa mtu aliyevaa vifaa vya kusikilizia hakuna safu ya mwisho.

Fry anasoma kwa namna nyingine. Naye pia anaigiza, lakini umbali kati ya msimulizi wake na wahusika wake ni mdogo zaidi, mfano wa mjomba hodari wa kusimulia ambaye watoto hawasahau hata kidogo kwamba ni mjomba. Dale hutoweka; Fry hubaki. Wanaompenda mmoja wao kwa kawaida humpenda kwa sababu hiyohiyo inayowafanya wengine wamkatae, na yale mabishano ya wasioona wa miaka ya 1930 yamejirudia bila wabishanaji kujua.

Matamshi nayo yana kisa chake. Rowling alikusudia jina la Voldemort litamkwe kwa namna ya Kifaransa, bila kusikika kwa herufi ya mwisho, na Dale katika vitabu vya mwanzo alilitamka hivyo. Filamu zilipoanza kutoka mwaka 2001 waigizaji wote waliitamka herufi hiyo, hadhira ya dunia ikaizoea, na Dale katika vitabu vilivyofuata akalazimika kubadili. Anayesikiliza mfululizo mzima leo anamsikia adui mkuu wa hadithi akibadilika jina katikati ya safari bila maelezo. Mtu anaweza kuliona hilo kuwa kosa la uhariri. Mimi naliona kuwa ushahidi wa jinsi msomaji anavyofanya kazi chini ya mamlaka nyingi kwa pamoja: mwandishi, mchapishaji, filamu, na msikilizaji ambaye ameshaamua. Fry naye amesimulia hadharani kwamba katika kitabu kimoja palikuwa na sentensi ya maneno matatu, ya Harry kutia kitu mfukoni, iliyomkwaza ulimi kila alipojaribu. Alipomwomba mwandishi aibadilishe alikataliwa, na tangu hapo sentensi hiyo ikawa inajitokeza katika kila kitabu kilichofuata.

Ndani ya studio mambo ni ya kawaida kuliko watu wanavyodhani. Msomaji hukaa mbele ya kipaza sauti, ukurasa ukiwa usawa wa macho ili koo lisijikunje, zamani kwenye karatasi ambazo hazikuruhusiwa kufunuliwa huku akiongea, siku hizi kwenye kompyuta kibao. Nguo zinazochakarisha haziruhusiwi, wala kiti kinacholia. Tumbo likinguruma kipande kinarudiwa, na ndiyo sababu wengine hukumbatia mto. Mdomo uliokauka hutoa vilio vidogo ambavyo sikio la kawaida halivitambui lakini kipaza sauti hakivisamehe, na wasomaji wengi hung'ata tufaha la kijani kuvipunguza. Msomaji akikosea, fundi anarudisha rekodi nyuma kwa sekunde chache, msomaji anajisikia akisoma, kisha anaingia pale pale kwenye pumzi inayofuata, kwa sauti, kasi na umbali uleule, ili mshono usisikike. Saa moja ya kitabu kilichokamilika hubeba takriban maneno 9,300, na kuipata saa hiyo huhitaji angalau saa mbili za kukaa studioni, mbali na kazi ya mhariri wa sauti na ya yule anayesikiliza kitabu kizima akiwa na maandishi mkononi kutafuta neno lililorukwa.

Kabla ya yote hayo kuna usomaji wa kimyakimya. Msomaji makini hukisoma kitabu kizima kwanza, kwa kuwa waandishi wana tabia ya kufichua katika sura ya 20 kwamba yule aliyezungumza tangu sura ya pili ana lafudhi ya Wales au kigugumizi. Katika vitabu vya mwisho vya Potter maandalizi hayo yalibanwa na ulinzi: maandishi yalifungiwa hadi siku ya uzinduzi wa dunia nzima, na kazi ya kurekodi ilibidi ifanyike kwa siri ili kitabu cha sauti kitoke sambamba na cha karatasi.

Malipo ndiyo sehemu inayoeleweka vibaya kuliko zote, kwani watu wakisikia kitabu kimeuza mamilioni hudhani msomaji ametajirika nacho. Kwa kawaida msomaji wa Marekani hulipwa kwa kila saa ya kitabu kilichokamilika, si kwa saa alizokaa studioni, na viwango vya chini vilivyopatanwa na chama cha waigizaji cha SAG-AFTRA ni dola zaidi ya 200 kwa saa hiyo. Kitabu cha saa 10 ni fedha ya kueleweka, lakini inagawanyika kwa siku zote za kusoma, kujiandaa na kurudia. Baada ya hapo kitabu kikiuza nakala mia au milioni, mkataba wa kawaida haumwongezei kitu. Njia ya pili ilifunguliwa na ACX, mtandao ulioanzishwa na Audible mwaka 2011 kuwakutanisha waandishi na wasomaji, ambako msomaji anaweza kukubali kutolipwa chochote mwanzoni na badala yake agawane mrabaha na mwandishi nusu kwa nusu. Waliobahatika wamepata, wengi wamesoma vitabu ambavyo hakuna aliyevinunua. Haishangazi basi kwamba waigizaji wa Kiingereza wanaojulikana kwa usomaji, kama Juliet Stevenson na Martin Jarvis, waliichanganya kazi hii na jukwaa, redio na televisheni. Wanaoishi kwa usomaji peke yake, kama Simon Vance, aliyetoka kwenye usomaji wa habari wa redio ya BBC akahamia California, hulazimika kurekodi vitabu kwa mamia. Dale mwenyewe hakuliacha jukwaa: mwaka 2006 alirudi Broadway katika The Threepenny Opera, kuanzia mwaka 2007 alikuwa msimulizi wa tamthilia ya televisheni ya Pushing Daisies, na mwaka 2014 alisimama New York peke yake katika onyesho la kusimulia maisha yake.

Haki hizohizo zilizozaa rekodi mbili ndizo zilizochelewesha vitabu hivi kufika kwenye simu za watu. Rowling alibaki na haki za kidijitali, akaziuza kwanza kupitia duka lake mwenyewe la Pottermore kuanzia mwaka 2012, na hapo Audible ilipovipata, Novemba 2015, ukuta wa Atlantiki ulihamishiwa mtandaoni: akaunti ya Marekani ilimpata Dale, ya Uingereza ikampata Fry.

Tishio jipya halina uhusiano na mipaka. Mwaka 2023 Fry alieleza katika mkutano mmoja London kwamba programu ya kompyuta ilitumia rekodi zake za Potter kutengeneza sauti yake, ikasoma maelezo ya filamu ya historia ambayo yeye hakuwahi kuyasoma wala kuombwa ruhusa. Mwaka huohuo Apple ilikuwa imeshaanza kuuza vitabu vinavyosomwa na sauti za kutengenezwa. Hatari kwa mtu kama Dale ni ya kipekee, kwa sababu mtu aliyeacha saa zaidi ya mia za sauti safi, isiyo na kelele, ikiwa imeambatana neno kwa neno na maandishi yanayojulikana, ameacha malighafi bora kabisa ya kufundishia mashine. Mikataba ya mwaka 1999 haikuwa na sababu ya kulifikiria jambo hilo.

Kwa upande wao Pottermore na Audible wamekwenda kinyume na mashine, wakatengeneza toleo jipya lililoanza kutoka mwaka 2025 lenye waigizaji zaidi ya 100, milio ya mazingira na muziki, Hugh Laurie akiwa Dumbledore, mkuu wa shule, na Matthew Macfadyen akiwa Voldemort. Kila mhusika sasa ana koo lake mwenyewe, na kile kilichomwingiza Dale katika Guinness hakihitajiki tena. Hata hivyo maneno yasiyo ya mhusika yeyote bado yalihitaji mtu wa kuyasoma, saa baada ya saa, na kazi hiyo ilipewa mwigizaji mmoja wa Kiingereza, Cush Jumbo.